Mzee Burt Munro na Pikipiki Aliyoiunda Bandani

Mpenzi msomaji, simama pale Kondele au kando ya soko la Kibuye hata kwa dakika kumi tu, utapitwa na pikipiki hadi uchoke kuhesabu. Nyingi ni za bodaboda, injini zake ni za cc 100, 125 au 150, na zikishakula miaka michache barabarani huwa hazifanani tena na jinsi zilivyotoka dukani. Tangi ni la hii, taa ni ya ile, eksozi imechomelewa mara tatu, na aijuaye siri ya ndani ni fundi wa jua kali peke yake. Sisi wanafunzi tukipita pale na sare zetu safi huwa twamtazama yule fundi, oveloli imekuwa nyeusi kwa oili, tukasema moyoni kwamba huyo ndiye aliyeshindwa na shule. Basi mwaka huu nimeona niwaandikie maisha ya fundi mmoja wa namna hiyo. Si mtu wa Nyanza wala wa Afrika. Alizaliwa mbali kabisa, kusini mwa dunia, akafariki mwaka wa 1978, na jina lake linajulikana popote wanapopatikana wapenda pikipiki. Huyo ni Burt Munro.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 huko Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya nchi ya Nyuzilandi. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado njiani kuja Kisumu. Ilitufikia Desemba 1901. Jina lake kamili lilikuwa Herbert James Munro. Alizaliwa pacha, lakini dada yake alifariki wakati wa kuzaliwa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye akalelewa shambani mahali paitwapo Edendale. Tangu utotoni alipenda mwendo wa kasi kupita kiasi. Alikuwa akimchukua farasi aliyewashinda wengine wote pale nyumbani, akamtimua mbio mashambani huku baba yake akinung'unika. Pikipiki yake ya kwanza ilikuwa Douglas ya Uingereza. Mwaka wa 1919 akawa na nyingine iitwayo Clyno, ambayo ilikuja na kigari cha kubebea abiria ubavuni. Munro hakuwa na haja ya abiria. Alikibandua kigari, akaitia pikipiki mbioni.

Mwaka wa 1920 ndipo alipoinunua ile pikipiki ambayo hakuachana nayo hadi uzeeni. Iliitwa Indian Scout. Hapa nitue kidogo, maana kwetu Kisumu mtu akisikia jina Indian atafikiria wenye maduka ya pale mjini. Sivyo. Indian ilikuwa kampuni ya Marekani, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na jina hilo ilijipa kutokana na wenyeji wa asili wa Marekani, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Kampuni hiyo ya kwanza iliacha kuunda pikipiki mwaka wa 1953. Scout ya Munro ilikuwa na silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ujazo wake ulikaribia cc 600, na nambari ya injini yake ilikuwa 50R627. Mwendo wake wa mwisho kabisa, ukiisukuma hadi ilie, ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89. Jameni, matatu yoyote ya kwenda Busia ingeipita huku utingo akiwapungia mkono!

Kuanzia mwaka wa 1926 Munro alianza kuifungua na kuibadilisha. Mambo mengine ya maisha yake katika miaka hiyo nitayapitia kwa haraka. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika uchimbaji wa handaki la reli la Otira, akarudi shambani kwa baba yake, akawa mshindani wa mbio za pikipiki, kisha akapata kazi ya kuuza na kutengeneza pikipiki. Alioa mwaka wa 1925, wakajaliwa watoto wanne. Alishindana Australia na kwao nyumbani, hasa kwenye ufuo wa Oreti, ambapo mchanga ni mgumu na mrefu kiasi cha mtu kukimbiza pikipiki kama yuko barabarani.

Sasa tuingie bandani, kwa maana humo ndimo maisha yake yalimokuwa.

Sisi watu wa Kisumu hatushangai tukiambiwa kwamba chombo kizima kinaweza kuunganishwa kutokana na vipande. Meli ya Uhuru iliundwa Scotland, ikaletwa kwetu vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa bandarini na kuanza kazi mwaka wa 1966. Lakini vipande vya Uhuru vilitoka kiwandani vikiwa tayari, kila kimoja kimepimwa na wataalamu. Munro hakuwa na kiwanda. Pikipiki yake ilikuwa ya zamani, na hata ingekuwa na spea madukani, spea hizo zingekuwa za kumrudisha kwenye maili zile zile 55. Alichotaka hakikuuzwa popote, kwa hiyo ilimbidi akitengeneze mwenyewe.

Pistoni alizisubu mwenyewe. Aliyeyusha chuma chakavu, akamimina ndani ya makopo ya zamani kama kalibu, akangoja ipoe, kisha akaanza kuchonga na kupiga tupa hadi pistoni ipatikane. Msomaji, kazi hii si ngeni kwako. Mafundi wetu wa jua kali huyeyusha aluminiamu chakavu wakaisubu kuwa sufuria, zile nzito za kupikia ugali. Tofauti ni kwamba sufuria ikikosea kidogo upande mmoja ugali hautalalamika, lakini pistoni ikizidi hata kwa unene wa unywele itakwama ndani ya silinda na injini yote itapasuka. Tena kipimo chake kilikuwa nini? Wenye viwanda walikuwa na mikromita. Yeye alitumia spoku kuukuu ya gurudumu.

Silinda alizitengeneza kutokana na mabomba ya chuma ya gesi yaliyokwisha kutupwa. Kile chuma kiunganishacho pistoni na krenki, ambacho makanika wetu hukiita konrodi, alikichonga kwa mkono kutoka kwa ekseli kuukuu, akakitia moto na kukipoza mpaka kikawa kigumu. Gurudumu-nguvu, kamu, mfumo wa kupeleka oili, vyote vilitoka mikononi mwake. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya vali. Injini ya Scout ilitoka kiwandani na vali zake zikiwa pembeni mwa silinda. Munro alizihamishia juu, na badala ya kamu mbili akaweka nne, ili mafuta na hewa viingie na moshi utoke kwa wepesi zaidi. Anayefahamu injini ataelewa kwamba huko si kutengeneza pikipiki. Ni kuunda injini mpya ndani ya ngozi ya ile ya zamani. Ujazo nao ukapanda kutoka cc 600 ukafika 850, na baadaye 950.

Je, kwa nini kazi hii ilimchukua miongo na si miezi? Muulize mwalimu wa Fizikia. Upepo unaomkabili mwendeshaji hauongezeki kwa kipimo kile kile cha mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya injini inayohitajika kupambana na upepo huongezeka mara nane. Kuitoa pikipiki kwenye kilomita 89 na kuifikisha karibu 300 ni kuhitaji nguvu zaidi ya mara thelathini kama umbo halikubadilika. Ndiyo sababu mwishowe aliifunika pikipiki yote kwa ganda refu lililochongoka, mwendeshaji akalala ndani yake, nayo ikawa kama mbuta anayepenya majini. Lakini kabla ya ganda ilikuwa lazima injini istahimili. Pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kila dakika, moto ukiwaka juu yake. Chuma kilichosubiwa vibaya hakitavumilia. Injini za Munro zilipasuka mara nyingi mno. Kila zilipopasuka, aliokota vipande, akavitazama ni wapi palipoanza ufa, akasubu vingine.

Vile vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu bandani, pistoni zilizotoboka, konrodi zilizopinda, vali zilizokatika, akaandika hapo kwa utani kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo. Nionavyo mimi, rafu ile ndiyo iliyokuwa shule yake. Mtu mwingine angezificha aibu zake chini ya kitanda. Yeye aliziweka mahali ambapo angeziona kila asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo simsifu. Ndoa yake haikustahimili mambo hayo. Mwishoni mwa miaka ya arobaini yeye na mkewe walitengana, naye akaacha kazi ya mshahara, akahamia bandani kabisa. Alilala humo, na vyuma vilikuwa pembeni ya kitanda. Wanaomwandika kama shujaa huwa wanaipita habari hii mbiombio, lakini ni watoto wanne wale, na mama yao. Bei ya ile pikipiki haikulipwa na Munro peke yake. Mwenye kusoma maisha yake na asione hilo, hajasoma vizuri.

Hata hivyo kazi ya bandani ilianza kuzaa matunda. Mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 58, alikimbia kwenye ufuo wa Oreti kwa zaidi ya maili 131 kwa saa, yaani kilomita zaidi ya 210, ikawa rekodi ya ufuoni ya nchi yake. Ilikuwa pikipiki ile ile iliyonunuliwa mwaka wa 1920. Lakini ufuo una mwisho, na mawimbi hayangoji mtu. Kwa mwendo aliokuwa akiutafuta sasa alihitaji uwanja ambao mtu anaweza kunyoosha kilomita nyingi bila kona, bila jiwe, bila ng'ombe. Uwanja huo uko Marekani, katika jimbo la Utah. Unaitwa Bonneville.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna sababu ya kupatazama mahali hapo kwa makini. Zamani Bonneville palikuwa chini ya ziwa. Wakati wa enzi ya barafu ziwa hilo lilitanda karibu kilomita mraba 50,000. Ziwa letu lina karibu 68,000. Hali ya hewa ikabadilika, maji yakaondoka, ikabaki chumvi, nyeupe na ngumu, tambarare kama meza. Aliyewahi kuona Magadi ataweza kukisia. Tena wataalamu wa miamba wanasema kwamba hata ziwa letu la Victoria liliwahi kukauka mwishoni mwa enzi hiyo hiyo ya barafu, kisha likajaa tena. La wenzetu halikurudi. Juu ya sakafu ya ziwa hilo lililokufa ndipo watu wanapokwenda kupima mwendo wa vyombo vyao.

Munro alikwenda huko kwanza kutazama tu. Mwaka wa 1962 akaenda kushindana, akiwa na miaka 63 na moyo wenye maradhi. Hakuwa na kampuni ya kumdhamini. Pikipiki ilipelekwa kwa meli, na alipofika Marekani alinunua gari kuukuu la bei nafuu la kuivutia hadi Utah. Pale uwanjani palikuwa na watu wenye mitambo ya kisasa na mafundi wa kulipwa. Yeye alikuja na pikipiki ya miaka 42, yenye pistoni za makopo.

Inafaa nieleze jinsi rekodi inavyopimwa, kwa sababu jambo hili litatuhusu tena mwishoni. Mwendeshaji hupita kwenye umbali uliopimwa, kisha lazima arudi akipita upande wa pili, ili kama upepo ulimsaidia kwenda umkwamishe kurudi. Wastani wa miendo hiyo miwili ndio unaoandikwa. Mwaka huo wa 1962 wastani wake ulikuwa maili 178.95 kwa saa, kilomita 288, akaweka rekodi ya dunia katika daraja la injini zisizozidi cc 883. Alirudi mwaka wa 1966, akapata rekodi katika daraja la cc 1000 kwa maili 168.07.

Mwaka uliofuata, Agosti 1967, ndio uliomfanya ajulikane. Katika mbio za kufuzu, upande mmoja, alipimwa maili 190.07 kwa saa, karibu kilomita 306. Halafu akaweka rekodi ya daraja la cc 1000, kilomita zaidi ya 295 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu angetoka Kisumu mjini na kufika Ahero kwa muda wa dakika tano hivi. Mwendeshaji alikuwa babu wa miaka 68. Pikipiki ilikuwa na miaka 47.

Usidhani ilikuwa starehe. Mwaka huo huo, katika mbio mojawapo, pikipiki ilianza kuyumbayumba ikiwa imepita nusu ya njia. Munro akaona dawa ni kuinuka ili kifua chake kikinge upepo na kuipunguza mwendo. Upepo ulimng'oa miwani, ukampiga machoni asione chochote. Alitoka kwenye mstari, akakikosa kwa inchi chache kigingi cha chuma kilichosimikwa pembeni, kisha akailaza pikipiki ubavu juu ya chumvi. Alitoka na michubuko. Mwenzangu unayewaza kwenda kujaribu mwendo wa namna hiyo kwenye barabara ya Kakamega, kumbuka kwamba yeye alikuwa mahali pasipo na lori, mbuzi wala watoto wa shule, na hata hivyo alinusurika kwa inchi tu.

Munro alirudi Bonneville mara kadhaa. Nyumbani pia alikuwa na pikipiki ya pili, Velocette ya Uingereza ya mwaka wa 1936, aliyokuwa akiibadilisha kwa njia zile zile za makopo na tupa. Mwishowe mwili ulichoka. Mwaka wa 1977 alipatwa na kiharusi, mikono iliyokuwa imezoea kuchonga chuma ikapoteza ustadi. Pikipiki zake zote mbili aliziuza kwa mwenye duka la vyuma la Hayes pale Invercargill, kwa sababu alitaka zibaki kusini kwao. Alifariki tarehe 6 Januari 1978, umri miaka 78. Scout ikawekwa dukani humo watu waione, katikati ya spana, misumari na nyundo za kuuzwa.

Mwaka wa 2005 ilitoka filamu juu yake, iliyoongozwa na Roger Donaldson, na Anthony Hopkins ndiye aliyeigiza kama Munro. Donaldson alikuwa amemfahamu mzee mwenyewe na kumpiga filamu ya habari mwanzoni mwa miaka ya sabini. Filamu hii ya pili ni nzuri, ila imetia chumvi hapa na pale, maana imeikusanya miaka mingi ya Bonneville ikaifanya safari moja. Ukiitazama usiichukue kama daftari la Historia.

Tukizungumzia daftari, kuna hesabu iliyokosewa. Rekodi ya mwaka wa 1967 iliandikwa na shirika la pikipiki la Marekani kuwa maili 183.586 kwa saa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeshughulika kuirudia. Mwaka wa 2014 mwanawe Munro aligundua kwamba namba hazikubaliani, akawaandikia. Kwenda mwendo ulikuwa maili 184.710, kurudi 183.463. Toa kalamu yako, jumlisha, gawanya kwa mbili. Hata wa Kidato cha Kwanza ataipata. Shirika lilikagua, likakubali, likaiandika upya rekodi kuwa maili 184.087, yaani kilomita 296.259 kwa saa. Mzee mwenyewe alikuwa ameshalala kaburini miaka 36.